Mwongozo kamili: siku moja Aisilandi, kutoka ufa wa Þingvellir hadi pikipiki ya theluji juu ya Langjökull

Wasomaji wanaokwenda Aisilandi huniletea malalamiko yaleyale. Wamelipia safari ya siku nzima: asubuhi wazunguke njia iitwayo Duara la Dhahabu (Þingvellir, chemchemi za Geysir na maporomoko ya Gullfoss), mchana wapande barafuto ya Langjökull, yaani barafu nene ya kudumu iliyofunika ardhi, na kuendesha pikipiki za theluji. Maporomoko wameyaona, chemchemi wameziona, lakini barafu imewashinda. Mmoja amekataliwa kuendesha kwa sababu leseni yake ilikuwa picha kwenye simu. Mwingine amesimama mlangoni mwa hoteli huku gari likimsubiri mtaa wa pili. Wa tatu amepanda, na baada ya dakika kumi hazisikii tena nyayo zake, kwa hiyo saa nzima ya kuendesha ikawa saa ya kuvumilia.

Hawakukosa ujasiri. Sehemu ngumu ya safari hii hufanyika kabla hujaiona barafu, tena nyingine hufanyika kabla hujatoka nyumbani. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye maandalizi na kwenye kuendesha, na kupita haraka kwenye vituo vya picha.

## Vitu vya kuwa navyo

Leseni halisi ya kuendesha gari. Iwe kadi yenyewe, isiyokwisha muda, yenye picha na maandishi ya herufi za Kilatini. Picha ya simu, nakala au leseni ya mwanafunzi hazikubaliki. Leseni za Kenya na Tanzania husomeka bila shida, lakini kama utakodi pia gari, chukua kibali cha kimataifa cha udereva. Kenya hutolewa na AA Kenya, na Tanzania hutolewa na Automobile Association of Tanzania. Kibali hicho hakichukui nafasi ya leseni. Beba vyote viwili.

Pasipoti na viza ya Schengen. Aisilandi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, Uswidi, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen, huhitaji viza nyingine kwa ziara fupi. Ukiwa unaishi London, Muscat au Dubai na pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya au Uganda, kibali cha huko hakikuingizi Aisilandi: unaomba viza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15. Litahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kama unapitia uwanja wa ndege wa Uingereza, angalia pia sharti la viza ya kupita tu.

Nguo za tabaka la ndani na la kati. Fulana na suruali ya kubana mwilini, za sufu au za nyuzi za michezo. Sweta zito la flisi au la sufu. Soksi za sufu jozi mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Ovaroli ya nje, helmeti na kwa kawaida glovu utapewa na kampuni. Tabaka la ndani hakuna atakayekupa.

Usikimbilie maduka ya mji mkuu, Reykjavik, bei zake zitakuumiza. Mitumba ya Gikomba na Mchikichini ina flisi na sufu nzuri kuliko watu wanavyodhani, na Moshi na Arusha wapo wanaouza na kukodisha nguo za kupandia Kilimanjaro. Nguo iliyomfaa mtu usiku wa kupanda kilele cha Kibo inafaa hapa.

Vitu vidogo: mzula mwembamba wa kufunika kichwa na uso, miwani ya jua, mafuta mazito ya uso na midomo, pawa benki, kadi ya benki unayoikumbuka namba yake ya siri, na chakula chako kama una masharti ya chakula. Kwa miezi ya Novemba hadi Aprili ongeza vyuma vya kubana kwenye soli za viatu, kwa sababu njia za vituoni hugeuka kioo.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha mahali pa kuanzia

Pikipiki za theluji huendeshwa Langjökull karibu mwaka mzima, lakini siku yenyewe hubadilika kabisa. Desemba 21 jua huchomoza Reykjavik yapata saa 5:20 asubuhi na kuzama saa 9:30 alasiri. Ukienda wakati huo, kituo kimoja utakiona gizani. Juni una mwanga usiku na mchana, ila uso wa barafu huwa na maji na matuta, na kiti hukurusha zaidi.

Ushauri wangu ni Machi au mapema Aprili: mwanga unatosha vituo vyote na theluji juu ya barafu bado ni nene na laini. Septemba ni ya pili.

Mahali pa kuanzia pana njia mbili. Ya kwanza, kuchukuliwa Reykjavik na kurudishwa huko, safari inayochukua saa 10 hadi 11. Ya pili, ukodi gari, uzunguke mwenyewe, na uungane na msafara kwenye maegesho ya Gullfoss. Ya pili inakupa uhuru, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha juu ya barafu ya barabarani naisema wazi: wakati wa baridi chagua ya kwanza. Upepo wa huko hung'oa milango ya magari, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliopeperushwa.

Onyo: usijaribu kupeleka gari la kukodi hadi kambi ya barafuni. Barabara ya kupanda kutoka Gullfoss ni ya mawe na makorongo, na wakati wa baridi hufunikwa kabisa. Kuacha barabara na kukata mbuga ni kosa la jinai Aisilandi, na faini yake ni kubwa.

## Hatua ya 2: Weka nafasi ukiwa umesoma masharti manne

Watu husoma bei na kutazama picha tu. Wewe tafuta haya:

Wangapi kwa pikipiki moja? Bei inayotangazwa karibu daima ni ya watu wawili kwenye chombo kimoja, mkipokezana. Ukitaka peke yako kuna nyongeza. Ukisafiri peke yako, uliza mapema, usije ukawekwa nyuma ya mtu usiyemjua.

Umri na afya. Dereva awe na leseni kamili. Watoto huruhusiwa kama abiria kuanzia umri unaotajwa na kampuni, na helmeti iwatoshe. Wajawazito hawapandishwi, kwa sababu mtikisiko ni mkali. Mwenye maumivu ya mgongo au shingo naye ajiondoe.

Uharibifu ukitokea unalipa kiasi gani? Hapa ndipo wengi hushtuka. Bima ya kampuni huwa na kiwango ambacho dereva hukibeba mwenyewe chombo kikiharibika. Kitafute kwa krona, fedha ya Aisilandi, kibadilishe kwa shilingi, kisha amua kama utanunua bima ya ziada ya kukipunguza.

Barafu ikifungwa kwa hali ya hewa, fedha zinarudi vipi? Kampuni nzuri hurudisha gharama ya sehemu ya barafu au hukuhamishia siku nyingine. Kwa sababu hiyo usiweke safari hii siku yako ya mwisho nchini. Iweke siku ya pili, ubaki na nafasi ya kuhama.

Utajua umefanya sawasawa ukiwa na uthibitisho wa maandishi wenye vitu vitatu: jina la kituo cha kuchukuliwa, idadi ya pikipiki mlizolipia, na namba ya simu ya siku yenyewe.

## Hatua ya 3: Jioni ya kuamkia safari, soma upepo

Fungua vedur.is, tovuti ya idara ya hali ya hewa, na safetravel.is ya vikosi vya uokoaji. Tahadhari hutolewa kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu.

Upepo wa Aisilandi hupimwa kwa mita kwa sekunde. Msomaji wetu huona 20 na kudhani ni kaupepo tu, kumbe 20 hiyo ni kilomita 72 kwa saa. Zidisha kila namba kwa 3.6. Ikizidi 15 huko juu, tarajia mabadiliko ya ratiba.

Usiliachie kampuni peke yake jambo hili. Januari 7, 2020, watalii 39, watoto wakiwemo, walikwama na dhoruba karibu na Langjökull wakiwa kwenye safari ya pikipiki za theluji, wakangoja kwa saa nyingi hadi waokoaji walipowafikia usiku. Tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imeshatolewa kabla hawajaondoka. Ukiona tahadhari ya eneo la nyanda za juu na kampuni bado inasema twende, piga simu uulize wameamua kwa msingi gani. Jibu likiwa la kubabaisha, hamisha siku. Mteja ana haki ya kukataa kupanda, na kwenye jambo hili mimi ningekataa hata kama fedha haitarudi.

Namba ya dharura nchini ni 112.

## Hatua ya 4: Vaa ukiwa chumbani

Chini kabisa sufu au nyuzi za michezo, kisha flisi, kisha koti lolote la kuzuia upepo kwa vituo vya asubuhi. Ovaroli ya kampuni itakuja juu ya flisi.

Pamba iache hotelini, pamoja na jinzi. Pamba hunywa jasho na kulishika. Utatoka jasho ukitembea Þingvellir, na saa tano baadaye jasho hilohilo litakuwa baridi mgongoni mwako juu ya barafu. Vidole kufa ganzi nako mara nyingi hakuletwi na soksi chache, huletwa na soksi nyingi mno ndani ya kiatu kinachobana. Damu haipiti. Soksi moja ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole inashinda soksi tatu.

Kwa nywele: helmeti hukaa juu ya fuvu, haikai juu ya mtindo. Misuko iliyofungwa kileleni, wigi nene au rasta zilizoviringwa juu zitazuia helmeti isishuke, na helmeti isiyoshuka haikulindi. Funga nywele chini, usawa wa shingo, uziingize ndani ya ovaroli.

Kwa wanaovaa hijabu: vaa ya ndani inayobana kichwa, kisha mzula juu yake. Mtandio mrefu usiwe na ncha huru, kwa sababu pikipiki ya theluji husukumwa na mkanda wa mpira unaozunguka kwa kasi nyuma yako. Nimeona akina dada wakivaa hivi kwa raha kabisa, na hakuna aliyewaambia wavue.

Kwa wenye miwani ya kusomea: ukungu wa pumzi hujaa kwenye kioo cha helmeti. Vuta mzula ukae chini ya pua na upumulie chini. Lenzi za machoni ni bora kama unazo.

Paka uso mafuta mazito. Miwani ya jua ni ya kila mtu, weusi wa ngozi haulindi macho: theluji hurudisha mwanga wa jua moja kwa moja usoni.

## Hatua ya 5: Fika kituoni, si hotelini

Mabasi makubwa ya watalii hayaruhusiwi kuingia mitaa ya katikati ya Reykjavik tangu 2017. Badala yake kuna vituo vyenye namba, na kituo kikuu cha mabasi kinachoitwa BSÍ. Jioni iliyotangulia tembea hadi kituo chako ukakione kwa macho.

Tiketi huandika saa kwa hesabu ya saa 24. 08:30 ni saa 2:30 asubuhi. Muda huo ni wa gari kuanza kuzunguka vituo, nalo linaweza kukuchelewesha hadi nusu saa. Simama hapohapo. Walioachwa wengi walikuwa wameingia kununua kahawa.

Kabla ya kutoka chumbani, gusa mfuko: leseni ipo?

## Hatua ya 6: Þingvellir, soma ardhi kabla ya kupiga picha

Ni kama kilomita 45 kutoka mjini. (Herufi Þ hutamkwa kama th ya thelathini, kwenye ramani nyingine utaona Thingvellir.) Gari husimama juu, ukingoni, na mara nyingi hukusubiri chini. Swali la kwanza kwa kiongozi ni moja: mnatuchukulia maegesho gani? Maegesho hapa ni kadhaa, na watu hupotezana kila siku.

Unateremka kwa miguu ndani ya Almannagjá, korongo lenye ukuta wa lava upande wa magharibi. Ukuta huo ni ukingo wa bamba la Amerika Kaskazini, mojawapo ya vipande vikubwa vya gamba la dunia. Wengi hunyoosha mikono kugusa kuta mbili wakiamini wanagusa Amerika na Ulaya kwa pamoja. Bamba la Ulaya na Asia liko mbali, ng'ambo ya bonde, kilomita kadhaa. Ardhi yote unayoiona katikati ndiyo inayotanuka na kudidimia.

Aliyetazama Bonde la Ufa kutoka ukingo wa Limuru ataitambua sura hii mara moja. Kwetu ni bara linalopasuka, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hapa ni mgongo wa sakafu ya Atlantiki uliojitokeza juu ya bahari, na unatanuka kama sentimita 2 kwa mwaka.

Ziwa la mbele yako, Þingvallavatn, hulishwa na maji yaliyoyeyuka Langjökull na kuchujika chini ya lava kwa miongo mingi. Kwa hiyo safari ya barafu imeshaanza. Mwambie hivyo anayekuuliza kwa nini maji ya Silfra, ufa uliojaa maji hapahapa Þingvellir, ni maangavu kiasi kile.

Dakika 40 zinatosha. Usiache njia ya mbao, kwa sababu kuna nyufa chini ya ukoga na theluji.

## Hatua ya 7: Geysir, simama upande upepo unakotoka

Bonde la Haukadalur lina chemchemi nyingi, lakini inayofanya kazi ya kuonekana ni Strokkur. Huruka kila baada ya dakika 5 hadi 10, mara nyingi mita 15 hadi 20 juu, na wakati mwingine zaidi. Geysir yenyewe, yenye jina, imelala muda mrefu.

Chini ya tundu kuna bomba la asili lililojaa maji. Uzito wa maji ya juu huyazuia ya chini yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Mvuke ukifanikiwa kupanda, husukuma maji ya juu, uzito hupungua, na yaliyokuwa yamezuiwa huchemka yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo usitazame angani, tazama uso wa maji. Kwanza hushuka na kupanda, kisha huvimba kuba la buluu. Ukiliona kuba hilo, bonyeza kamera. Sekunde moja baadaye umechelewa. Ukipata picha ya kuba la buluu kabla halijapasuka, umefaulu.

Onyo: vijito vya njiani vina nyuzi 80 hadi 100. Shika mtoto mkono. Ukisimama upande upepo unakoelekea utalowa, na nguo iliyolowa utaipeleka barafuni.

Mkenya anayefanya kazi Olkaria atajisikia nyumbani kwa harufu ya salfa. Wahandisi wengi wa jotoardhi wa Kenya wamesomea nchini humu, katika programu iliyoanzishwa 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa.

Hapa ndipo pa kwenda msalani na kula. Kula kabla ya barafu, kwa sababu mwili wenye njaa hautoi joto.

## Hatua ya 8: Gullfoss

Kilomita 10 tu mbele. Maji ya mto Hvítá huanguka kwa ngazi mbili, mita 11 kisha 21, na kuzama kwenye korongo. Yana rangi ya kijivu au hudhurungi kwa sababu yamebeba unga wa mawe uliosagwa na barafuto unayokwenda kuipanda.

Njia ya chini hufungwa wakati wa baridi. Ikiwa na mnyororo, usiuruke. Tazama kutoka juu, kisha rudi garini mapema. Mgahawa wa hapo una supu ya kondoo inayosifika, na ni haki yake kusifika.

Wanaojiendesha: hapa ndipo mnapokutana na msafara. Fikeni nusu saa kabla.

## Hatua ya 9: Kupanda hadi kambini

Mnahamia gari kubwa la matairi mapana. Barabara inaelekea kaskazini, mlima Bláfell ukiwa kando yenu, hadi kambi ya ukingoni mwa Langjökull. Inatikisa kwelikweli. Anayechafukwa na moyo akae mbele, atazame upeo, aweke simu mbali.

Langjökull ni barafuto ya pili kwa ukubwa Aisilandi baada ya Vatnajökull, zaidi ya kilomita za mraba 800, unene wake mamia ya mita. Vilele vyeusi vilivyochongoka kandokando ni Jarlhettur, vilivyotokana na milipuko ya volkeno chini ya barafu. Kimo si tatizo: yote iko chini ya mita 1,500. Shida ni upepo na baridi.

## Hatua ya 10: Kambini, usikubali kiatu wala helmeti mbaya

Mtapanga foleni ya mavazi na watu watakuwa na haraka. Wewe usiwe nayo.

Helmeti: funga mkanda, tikisa kichwa. Ikizunguka peke yake, badilisha. Glovu: jaribu kama kidole gumba cha kulia kinakunjika bila taabu, kwa sababu hicho ndicho kitakachoongoza mwendo. Ovaroli: zipu ifike shingoni bila uwazi kiunoni. Simu weka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri hufa haraka kwenye baridi.

Kagua pikipiki kabla ya kuiwasha. Ukiona mpasuko au kioo kilichovunjika, mwonyeshe kiongozi na upige picha. Utaikumbuka picha hiyo wakati wa kurudisha.

Mafunzo ni ya dakika chache na huwa kwa Kiingereza. Kama mwenzako hakielewi vizuri, simama naye mtafsirie pale pale. Mambo ni haya:

- Mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, kuna kitufe kirefu cha mafuta. Kibonyeze polepole.
- Mkono wa kushoto kuna breki.
- Kamba fupi ya usalama hubanwa kwenye ovaroli. Ukianguka inang'oka na injini inazima. Usiianze safari bila kuibana.
- Kuna swichi ya kupasha joto handeli. Iwashe tangu mwanzo, usingoje ganzi.

## Hatua ya 11: Kuendesha

Chombo kina uzito unaozidi kilo 250. Mbele kuna mbao mbili za kuteleza zinazofuata handeli, nyuma kuna mkanda wa mpira unaosukuma.

Ondoka taratibu. Bonyeza mafuta kidogo hadi mkanda ushike. Ukiachia kidole, chombo hupungua mwendo chenyewe. Kosa la kawaida la anayeogopa ni kushika handeli kwa nguvu zote, na kidole gumba hubonyeza mafuta bila yeye kujua. Ukishtuka, jambo la kwanza ni kufungua kidole gumba.

Waliozoea bodaboda, sikieni hili. Mazoea mawili yatawaponza. Kwanza, hakuna kuzungusha mkono ili kupata mafuta. Pili, na hili ndilo la hatari, usiteremshe mguu kuzuia chombo kikiinama. Mguu hutangulia chini, kilo 250 hufuata juu yake. Miguu ikae kwenye vikanyagio muda wote. Kikipinduka, achia na ujitupe pembeni.

Kona. Geuza handeli, huku mwili ukiegemea upande wa kona. Kwenye theluji laini chombo hupenda kwenda moja kwa moja. Uzito wa mwili ndio unaokigeuza. Kwenye mteremko wa ubavuni, egemea upande wa mlima. Abiria afuate mwili wa dereva, ashike vishikio vyake, asimkumbatie dereva kwa kumvuta nyuma.

Fuata alama iliyoachwa na pikipiki ya mbele, si kando yake. Barafuto ina nyufa, na theluji huzifunika zisionekane. Kiongozi amepita mahali anapopajua. Mita 5 pembeni ni mahali ambapo hakuna anayepajua. Kwa sababu hiyohiyo, msafara ukisimama, simama nyuma ya aliyekutangulia na usishuke hadi uambiwe.

Nafasi. Acha urefu wa pikipiki tatu au zaidi mbele yako. Breki kwenye theluji ngumu hazishiki kama barabarani, na ajali nyingi za misafara hii ni za kumgonga wa mbele.

Weupe mtupu ukishuka. Mawingu yakishuka, anga na theluji huwa rangi moja na hutajua juu wala chini. Kaza macho kwenye taa nyekundu ya aliye mbele. Ukiipoteza, simama, baki juu ya chombo, taa iwake. Usimtafute mtu. Msafara huhesabiwa, na kiongozi atarudi kwa njia ileile.

Katikati ya safari, baada ya kama nusu saa, mtasimama kwa picha na kubadilishana madereva. Zima injini, shuka upande ulioonyeshwa, chezesha vidole vya miguu. Kama bado unavihisi, umevaa vizuri. Kama havijulikani vilipo, mwambie kiongozi sasa, usione aibu: mbele yako bado kuna nusu nzima.

Utajua umefaulu kuendesha kwa ishara moja. Mabega yameshuka, na unatazama mbali, kule njia inakoelekea, badala ya kutazama ncha za mbao zako. Hapo ndipo Jarlhettur na weupe ule mkubwa huanza kuonekana.

## Hatua ya 12: Kurudisha na kurudi

Rudisha chombo mbele ya mfanyakazi, si kukiacha na kuondoka. Mwombe akitazame mkiwa pamoja. Kama umegonga, sema mwenyewe na upige picha, kisha uombe karatasi ya gharama kabla ya kuondoka, kwa sababu dai la bima yako ya safari halitapokelewa bila hiyo.

Vua ovaroli, badilisha soksi, kunywa kitu cha moto. Waliokuja na gari lao wana yapata kilomita 115 kurudi Reykjavik, na wakati wa baridi ni gizani. Hali ya barabara iangalie umferdin.is kabla ya kuwasha gari. Ukiwa umechoka, lala Laugarvatn au Selfoss.

Na kama siku yenyewe barafu ilifungwa, usikubali kubadilishiwa kwa haraka ukiwa maegeshoni. Omba kwa maandishi mambo mawili uchague moja: fedha ya sehemu ya barafu, au tarehe mpya yenye kituo na saa ya kuchukuliwa.